Hakusikia

Mimi ni mtu wa maneno, na hilo sitalificha. Kiwandani kwetu tunatengeneza chakula cha kuku na ng'ombe, na kazi yangu ni kuwafundisha wafanyakazi wasife. Kwenye karatasi cheo changu kina jina refu zaidi, lakini ukikifupisha ni hicho. Kila anayeajiriwa hupitia kwangu kwanza, na walioajiriwa zamani hunirudia mara moja kwa mwaka. Wote huja wakiwa wameshaamua kulala.

Siwalaumu. Mtu ametoka zamu, ametia kitu tumboni, amepewa kiti chenye mgongo, halafu mtu mzima anasimama mbele yake kumweleza habari za swichi. Hata ningekuwa mimi ningelala. Lakini kwangu hakulaliwa, na hapo ndipo nilipojijengea jina. Nilikuwa namwona anayesinzia kabla yeye mwenyewe hajajua. Nilifundisha huku natembea, nazunguka nyuma yao, napita katikati ya viti, mpaka nasimama ubavuni pake na kuendelea na somo palepale kama sina habari naye. Wakianza kunong'ona sikupandisha sauti, niliishusha, wanyamaze wenyewe watafute nilichosema. Nikifika kwenye mambo makavu, naangusha kufuli mezani, paa, halafu nawapa kisa cha jamaa aliyefunga mashine akausahau ufunguo nyumbani kwa mama mkwe wake, ikabidi aurudie usiku wa mahari. Watu wanacheka mpaka wanaegemeana.

Na kila baada ya dakika chache nauliza, "Tuko pamoja?"

Nao wanaitika, "Pamoja."

Ndipo wakaniita Mama Pamoja. Hata askari wa getini hanijui kwa jina lingine. Meneja alikuwa akipita dirishani, akisikia kicheko, anakwenda zake ameridhika. Mara mbili alinituma viwanda vingine nikawafundishe wakufunzi wenzangu namna ya kuwashika watu, na mimi nikawaambia kwa kiburi chote kwamba msikilizaji ni kama kuku, ukimtupia punje moja moja haondoki miguuni pako. Waliandika kwenye madaftari yao. Nilijiona nimefika.

Redio alikuwa mwanafunzi wangu wa kujivunia. Jina hilo nilimpa mimi. Alikuwa na miaka tisa kwenye mashine ya kusaga, mtu mpana, mpole, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kila mwaka alikaa mstari wa mbele na kunitumbulia macho, na nikiuliza kama tuko pamoja, wenzake wote waliitika, halafu yeye akafuatia peke yake, nyuma kidogo, "Pamoja," ukumbi ukajaa. Nilimtania kwamba redio yetu iko mbali na mnara, mawimbi yanachelewa kufika. Watu walivunjika mbavu. Naye alicheka, nyuma yao kidogo. Niliwaambia wageni, mwoneni huyu, huyu yuko macho kuliko ninyi nyote.

Mwaka huu tulikuwa na kanuni mpya. Zamani, mtu akitaka kuingia kwenye pipa, yaani ile mashine kubwa ya kuchanganyia yenye mapanga ndani, msimamizi ndiye aliyefunga swichi kuu kwa kufuli moja kwa niaba ya wote. Sasa kila mtu amepewa kufuli yake, anafunga mwenyewe, na ufunguo unakaa mwilini mwake mpaka atoke. Kufuli yako ikiwa pale, hakuna binadamu anayeweza kuwasha. Isipokuwepo, wewe hupo. Nilifundisha kanuni hiyo siku nzima, kwa kisa cha mama mkwe na kila kitu. Redio alicheka, akaitika, akatia saini.

Siku kumi baadaye walimhamishia kwenye pipa. Alhamisi, saa nne asubuhi, alimwona msimamizi ameweka kufuli, akaona inatosha, kama ilivyotosha miaka yote. Akaingia kukwangua unga ulioganda. Msimamizi aliporudi akakuta kufuli yake peke yake, akadhani waliokuwa ndani wameshatoka, akaifungua, akawasha. Sitaeleza zaidi ya hapo. Kufuli ya Redio ilikutwa kabatini kwake, bado imo kwenye karatasi yake ya dukani, haijawahi kutiwa ufunguo.

Mimi ndiye niliyeambiwa niandike barua, nakala moja ya ubao wa matangazo na moja ya familia. Niliandika kwa mkono wangu: "Marehemu alipewa mafunzo yote yanayostahili, lakini hakusikia." Meneja alisoma, akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Asiyesikia la mkuu."

Hakumalizia, methali hiyo haina haja ya kumaliziwa. Nikatia saini. Niliona haya kidogo, lakini ukweli ni kwamba nilipata ahueni zaidi kuliko haya. Sentensi ilikuwa fupi na ilinitoa ndani ya lile pipa.

Darasa langu la kwanza baada ya mazishi lilikuwa la wapakiaji. Nilianza vizuri. Nikaangusha kufuli, wakashtuka, wakacheka. Nikauliza, "Tuko pamoja?"

"Pamoja," wakaitika.

Halafu, nyuma kidogo, sauti moja nzito, peke yake: "Pamoja."

Nilidhani ni mtu ananitania, na utani wa aina hiyo ungenifanya nimtoe mtu nje kwa sikio. Nikawatazama mmoja mmoja. Walikuwa wamenikodolea macho wakingoja niendelee, na hakuna aliyegeuka kumtafuta aliyesema. Nikauliza tena baada ya dakika kumi, safari hii nikiangalia midomo. Ikafunguka yote, ikafungwa yote. Halafu ikaja ile ya nyuma, na hapakuwa na mdomo ulioitoa.

Jioni nilimwuliza mzee anayefagia ukumbi kama siku hizi una mwangwi.

"Mwangwi? Humu?" alisema. "Humu mlikuwa stoo, mwanangu. Ukuta mzima bado umejaa magunia. Humu hata ukipiga chafya hairudi."

Nikajiambia ni uchovu. Darasa lililofuata nikabadilisha maneno, nikauliza, "Tumeelewana?" Wakajibu kwamba tumeelewana, na nyuma yao, taratibu, kama mtu anayelisoma neno hilo kwa mara ya kwanza, ikaja "tumeelewana" nyingine. Nikaanza kuuliza mara chache. Nikaacha kuuliza, na nilipoacha wakaanza kusinzia, mbele yangu mimi, Mama Pamoja, vichwa vinaanguka kama maembe. Niliogopa ukimya wao na niliogopa jibu lao. Nilikuwa nasimama mbele ya watu ishirini natoka jasho mgongoni kama msichana anayesoma shairi siku ya wazazi.

Nyumbani binti yangu aliniona kabla ya mtu mwingine. Nilikuwa nimemwuliza kama ameosha vyombo.

"Nimeosha," alisema. Kisha akaweka simu chini. "Mama, mbona siku hizi nikishakujibu unaendelea kungoja?"

Nilimwambia ashughulike na yake.

Kampuni ilikuwa imeamua kumchukua mjane wa Redio kwenye nafasi ya mumewe. Ndiyo ubinadamu wetu: mume akifa pipani, mke anapewa kazi pipani. Angeanza Jumatatu, asubuhi kwangu darasani, alasiri kwenye kazi. Ijumaa alikuja ofisini kwangu kujaribu buti. Alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na tano, anayekaa kwenye ncha ya kiti.

"Karibu, mdogo wangu. Pole tena."

"Nimeshapoa, dada."

Buti za kwanza zilimpwaya. Nikampa nyingine, akavaa, akasimama, akakanyaga sakafu mara mbili, akakaa tena bila kuzivua.

"Dada, nina jambo nataka kukuuliza. Usinifikirie vibaya."

"Uliza tu."

"Mlijua tangu lini?"

"Tulijua nini?"

Alifungua mkoba wake akatoa ile barua. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa laini. Akaweka kidole. "Hapa. Mmeandika hakusikia. Sisi nyumbani tulijua mwaka wake wa nne kazini, lakini alitukataza kusema, aliogopa kutolewa kazini. Sasa nikajiuliza, kama na ninyi mlikuwa mnajua kwamba hasikii, mbona mlimpeleka kwenye pipa?"

Nilitazama mwandiko wangu mwenyewe. Nilisema kitu cha kijinga, nilisema, "Hasikii vipi?"

"Masikio, dada. Mashine ya kusaga iliyamaliza. La kushoto lilikufa kabisa, la kulia lilibaki na ngurumo tu. Nyumbani tulikuwa tunamgusa bega kwanza, akugeukie, akutazame mdomo. Watoto wote wanajua. Ukizungumza huku unatembea, huyo umeshamwacha."

Viziba masikio tulivileta mwaka wake wa sita. Mimi ndiye niliyeviagiza, na nikapigiwa makofi.

"Lakini alikuwa anaitika," nilisema. "Kuliko wote."

"Aliniambia. Alisema kwa Mama Pamoja hakuna taabu. Ukiona wenzako wamefungua midomo, na wewe unafungua. Wakicheka, unacheka." Alitabasamu kidogo, akimkumbuka yeye, si kwa ajili yangu. "Alikupenda sana, dada. Alisema ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo hapati hofu kwamba watamgundua. Na lile jina la Redio alikuja kunisimulia huku anacheka. Akasema wamepatia bila kujua, redio kazi yake ni kusema tu."

Sikuweza kumtazama. Ile sauti ya nyuma, miaka tisa nilikuwa naisikia akiwa hai. Nilikuwa nimeichekea. Nilikuwa nimewachekesha watu kwayo. Mtu alikuwa anachelewa kwa sababu anangoja kuona midomo ya wenzake, na mimi nikasema yuko macho.

Bado alikuwa anangoja jibu.

"Hatukujua," nilimwambia. "Mimi sikujua. Niliandika hakusikia nikiwa na maana kwamba hakutii. Kwamba alifundishwa akapuuza."

Akaitazama tena barua, akaisoma upya neno kwa neno, niliona macho yake yakitembea.

"Kumbe ni lawama," alisema. "Mimi nimeisoma mwezi mzima kama pole. Niliwasomea hadi watoto."

Akaikunja, akairudisha mkobani. Akainama akafunga kamba za buti, moja, ya pili, kwa mafundo mawili mawili.

"Jumatatu saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nitakuja," alisema, akaondoka amezivaa.

Siku mbili zilizofuata sikuwa mtu. Niliandika barua nyingine. Niliandika kwamba hakusikia kwa sababu alikuwa kiziwi, kwamba uziwi aliupata kwetu, na kwamba mkufunzi hakujua kwa kuwa mkufunzi hakuwahi kumwuliza kitu ambacho jibu lake si moja na la watu wote. Jumatatu nilifika kabla ya zamu, nikaitoa ya kwanza ubaoni, nikaibandika hiyo. Meneja alinikuta nimesimama pale na gundi vidoleni.

"Mama Pamoja, hayo tungeyazungumza kwanza," alisema.

"Tutazungumza," nilimwambia. "Nina darasa."

Walikuwa ishirini na mbili. Mjane alikaa mstari wa tatu, mikono juu ya magoti, buti zake safi. Nilikuwa nimeapa kuacha madoido, lakini mazoea yana taabu. Nilieleza swichi kuu ilipo, nikaona kijana mmoja kope zinamshuka, na kabla sijajizuia mdomo wangu ukauliza wenyewe, "Tuko pamoja?"

"Pamoja."

Na nyuma kidogo, peke yake, nzito, "Pamoja."

Watu walinitazama kama kawaida. Ni mjane tu aliyegeuza kichwa, polepole, akatazama mstari wa mwisho ambako viti vilikuwa vitupu. Alitazama kwa muda. Kisha akageuka mbele tena, macho yamelowa, akakaa vilevile na mikono yake magotini.

Nikawaambia wainuke wote, twende kwenye pipa.

Huko hakuna kuchekesha. Harufu ya unga na mafuta, ngazi ya chuma, mlango wa juu wa mashine upana wa mabega. Niliwaambia kwamba humo ndani alifia mtu aliyehudhuria darasa langu miaka tisa na kuitika kuliko wote, na kwamba kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake. Nilisema hivyo hivyo, bila kuremba. Hawakujua waangalie wapi. Nikawapa kufuli zao, nikawatoa nje ya mlango wa chumba, nikawaambia nitawaita mmoja mmoja, na aliyemaliza atatokea upande wa pili bila kuzungumza na wenzake.

Ikawa kazi ndefu na ya kuchosha. Kila aliyeingia nilimgusa bega, nikasimama mbele yake nisitembee, nikamtazama usoni, nikamwambia, "Nionyeshe." Nisiseme kitu kingine. Wengine, waliokuwa wameitika kwa nguvu zote ukumbini, hawakujua hata swichi ni ipi. Mmoja alifunga kufuli kwenye kitasa cha kabati la zana. Nikarudia naye tangu mwanzo, mara tatu, mara nne. Nje niliwasikia wanapiga miayo, na niliwaacha wapige.

Na kila mmoja, akishafunga vizuri na kuweka ufunguo mfukoni, nilimpa mtihani wa mwisho. Nilinyoosha kiganja nikamwambia kwa upole, "Nipe ufunguo nikushikie, mwanangu, usije ukakudondokea humo ndani."

Mimi ni mtu mzima, ni mwalimu wao, wananiita mama. Wa kwanza alinipa kwa mikono miwili, akainama kidogo. Wa pili akanipa na kunishukuru. Wa tatu alisita, akatazama kufuli, akanitazama mimi, akaona haya kumkatalia mkubwa, akanipa. Nilikuwa nimewaeleza asubuhi ileile kwamba ufunguo hapewi mtu yeyote, nao walikuwa wamesema pamoja. Nikawa nauchukua, naifungua kufuli yake na kuirudisha swichi ilivyokuwa, nautia ufunguo mfukoni mwa aproni, namwonyesha upande wa pili wa kutokea, namwita mwingine. Mpaka saa sita nilikuwa na funguo kumi na nne mfukoni. Zilikuwa nzito, zinagongana kila nikijisogeza, na kila mmoja ulikuwa wa mtu ambaye ningeweza kumwua alasiri ile kwa heshima zake zote.

Wa kumi na tano alikuwa mjane.

Nilimgusa bega. "Nionyeshe."

Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kuu, akaizima, akatia kufuli, akaivuta mara mbili kwa nguvu. Akatoa ufunguo. Hakuutia mfukoni, aliutia ndani ya blauzi, akafunga kifungo cha juu.

Nikanyoosha kiganja. "Nipe nikushikie, mdogo wangu."

"Hapana."

"Nipe tu. Mimi ni mwalimu wako."

"Ndiyo, ni mwalimu wangu," alisema, bila hasira, ananitazama mdomo. "Sikupi, dada. Nilishakupa mmoja."

Akabonyeza kitufe cha kuwashia kuhakikisha kwamba pipa limekufa kweli, akasikiliza, akapanda ngazi.